Hesabu ya Joto Lisilopimika

Joto ni miongoni mwa mambo ambayo binadamu aliyahisi mapema na kuyafahamu kwa kuchelewa. Mhunzi alijua kwa macho rangi ya chuma kilichoiva. Mpishi alijua kuni zipi hudumu jikoni na zipi huwaka upesi zikaisha. Mwashi aliyemwagia maji chokaa iliyotoka tanuuni aliyaona yakitokota pasipo moto. Wote hao walikuwa na ujuzi wa joto, lakini hawakuwa na hesabu yake. Ujuzi hupatikana kwa mazoea. Hesabu yahitaji kipimo, na kipimo peke yake hakitoshi mpaka ipatikane kanuni ya kuviunganisha vipimo vingi viseme neno moja.

Kanuni ya joto la kemia ilianza kwa swali ambalo kwa juu laonekana dogo. Vitu viwili vikiungana vikawa kitu cha tatu, na katika kuungana kwao vikatoa joto, je, kiasi cha joto hilo chategemea njia iliyofuatwa? Muungano ukifanywa kwa hatua moja, kisha ukafanywa tena kwa hatua tatu, jumla ya joto itakuwa ile ile, au itakuwa mbalimbali? Jibu lilitolewa mwaka 1840 katika mji wa Saint Petersburg, Urusi, na mtu aliyeitwa Germain Henri Hess. Jibu hilo ndilo msingi wa hesabu ambayo leo huitwa hesabu ya badiliko la entalpi, na hapana mwanafunzi wa kemia asiyepita katika mlango wake. La kustaajabisha ni kwamba aliyeipata kanuni hiyo alikuwa akitafuta kitu kingine, naye aliongozwa na dhana ambazo baadaye zilianguka. Dhana zilikwenda zake, hesabu ikabaki.

Kabla ya Hess, jiwe la kwanza la msingi lilikuwa limekwisha kuwekwa na Wafaransa wawili, Antoine Lavoisier na Pierre-Simon Laplace. Katika majira ya baridi ya mwaka 1782 kuingia 1783 walitumia chombo chenye vyumba vitatu, kimoja ndani ya kingine. Katika chumba cha ndani kabisa kiliwekwa kitu kinachotoa joto. Chumba cha kati kilijazwa barafu. Na chumba cha nje kilijazwa barafu pia, ili joto la nje lisipate nafasi ya kuingia. Barafu ya chumba cha kati ilipoyeyuka, maji yake yalichuruzika chini yakapimwa kwa mizani, na uzito wa maji ukawa ndio kipimo cha joto. Chombo hicho kilitegemea ugunduzi wa Joseph Black wa Scotland, aliyekuwa ameonyesha zaidi ya miaka ishirini nyuma kwamba barafu inapoyeyuka hunyonya joto jingi bila ya yenyewe kuzidi kupata moto. Joto lile lililojificha katika maji ndilo lililowawezesha Wafaransa wale kulipima joto kwa ratili.

Ndani ya chombo hicho walichoma makaa, na ndani ya chombo hicho hicho walimweka mnyama mdogo aitwaye simbilisi, apumue na kuyeyusha barafu kwa joto la mwili wake. Walipolinganisha joto na hewa iliyotoka katika makaa na iliyotoka kwa mnyama, wakahukumu kwamba kupumua ni namna ya kuungua kwa polepole. Pamoja na hayo walitamka kanuni moja fupi: joto litolewalo na vitu vinapoungana ni sawa na joto linalohitajiwa kuvitenganisha tena. Lavoisier hakupewa muda wa kuendelea mbele. Alikuwa mbia katika kampuni ya kukusanya kodi za mfalme, na tarehe 8 Mei 1794, katika mapinduzi ya Ufaransa, alikatwa kichwa pamoja na wabia wenziwe.

Kanuni ya Lavoisier na Laplace ilihusu kwenda na kurudi kwa njia moja: atokaye hapa kwenda pale akipata kumi, atoa kumi arudipo. Haikusema neno juu ya njia mbili zinazotofautiana ziendazo mahali pamoja. Pengo hilo lilikaa wazi kwa muda wa miaka hamsini na saba.

Germain Henri Hess alizaliwa Geneva, Uswisi, mwaka 1802. Baba yake alikuwa msanii, naye alipopata kazi ya ualimu katika Urusi, mtoto alipelekwa huko akali mdogo. Alisomea uganga katika chuo kikuu cha Dorpat, mji ambao leo huitwa Tartu katika nchi ya Estonia, akapata udaktari wake mwaka 1825. Baada ya hapo alikwenda Stockholm kuonana na Jöns Jacob Berzelius, aliyekuwa mwanakemia mwenye sauti kubwa kuliko wengine katika Ulaya ya zama zile. Ziara yenyewe ilikuwa fupi, lakini athari yake ilidumu. Berzelius alikuwa ametumia miaka mingi kupima uzito wa vitu vinavyoungana, akaonyesha kwamba vitu haviungani ovyo bali kwa mafungu maalumu, na aghalabu mafungu hayo huwa katika uwiano wa namba nzima zilizo rahisi. Imani hiyo Hess aliirithi, na tutaona jinsi ilivyomsaidia na jinsi ilivyompoteza.

Aliporudi Urusi alifuatana na msafara wa uchunguzi katika milima ya Ural, kisha akawa mganga katika mji wa Irkutsk, mbali sana katika Siberia. Akademi ya Sayansi ya Saint Petersburg ilimchagua kuwa mmoja wa watu wake mwaka 1828, na mwaka 1830 akahamia katika mji huo kufundisha kemia. Mwaka 1831 alitoa kitabu cha misingi ya kemia, akakiandika kwa Kirusi. Majina ya kemia katika lugha hiyo yalikuwa bado hayajatulia, naye akawa mmoja wa walioyafanyia kazi. Mzaliwa wa Geneva aliwafundisha vijana wa Urusi kemia katika lugha yao, na kitabu chake kikapigwa chapa tena na tena hadi kuelekea mwisho wa miaka ya 1840. Jambo hili halikosi uhusiano na habari ya joto: mtu anayelazimika kutafuta neno kwa kila kitu hulazimika pia kujiuliza kitu chenyewe ni nini.

Katika miaka ya 1830 Hess aligeukia uchunguzi wa joto. Swali lililokuwa likiwasumbua wanakemia wote ni hili: nguvu gani huzishika atomu pamoja, na nguvu hiyo hupimwaje? Asidi moja huikamata besi kwa nguvu, nyingine huikamata kwa ulegevu, walakini hapana mtu aliyekuwa na mizani ya kupimia mshiko huo. Hess alidhani kwamba joto litolewalo wakati wa kuungana ndilo mizani yenyewe: penye mshiko mkubwa joto litakuwa jingi, penye mshiko mdogo joto litakuwa haba. Tena alitumaini kwamba, kama vile uzito wa vitu hufuata namba nzima, joto nalo litafuata namba nzima.

Jaribio lake lililo mashuhuri lilikuwa jepesi kulieleza. Asidi ya salfuri ikitiwa maji hutoa joto kali. Asidi hiyo hiyo ikitiwa amonia iliyoyeyushwa katika maji hutoa joto jingine, na mwisho wake ni chumvi iliyomo katika maji. Hess alichukua mafungu manne ya asidi. La kwanza hakulizimua. La pili, la tatu na la nne aliyatia maji kwa viwango vilivyozidi kupanda, akapima joto lililotoka. Kisha kila fungu akalitia amonia mpaka asidi ikaisha nguvu, akapima tena. Kwa vipimo alivyovitumia yeye, fungu la kwanza lilitoa 595.8 kwa amonia peke yake. La pili lilitoa 77.8 kwa maji na 518.9 kwa amonia. La tatu lilitoa 116.7 kwa maji na 480.5 kwa amonia. La nne lilitoa 155.6 kwa maji na 446.2 kwa amonia.

Msomaji azijumlishe namba hizo mwenyewe. Fungu la kwanza ni 595.8, la pili ni 596.7, la tatu ni 597.2, la nne ni 601.8. Kadiri asidi ilivyotoa joto zaidi kwa maji, ndivyo ilivyobakiwa na joto dogo la kutoa kwa amonia, na jumla haikutikisika ila kwa kadiri ya moja katika mia. Njia zilikuwa nne, mwanzo ulikuwa mmoja, mwisho ulikuwa mmoja, na joto likawa moja. Ndipo Hess alipotangaza mwaka 1840 kwamba joto la muungano ni lile lile daima, ukifanywa kwa mkupuo mmoja au kwa hatua nyingi.

Katika namba hizo hizo Hess aliona na jambo la pili, akalipenda zaidi. Joto la maji katika mafungu matatu, yaani 77.8, 116.7 na 155.6, ni 38.9 mara mbili, mara tatu na mara nne. Huo ulikuwa uwiano wa namba nzima alioutumaini tangu zamani! Akaona kwamba joto nalo lagawanyika kwa mafungu kama uzito. Lakini uwiano huo ulitokana na viwango vya maji vilivyochukuliwa siku ile. Vikichukuliwa viwango vingine, hauonekani: asidi ikizidi kutiwa maji, joto lake hupanda kwa mteremko laini, wala halina ngazi. Dhana ya mafungu ya joto ikafa. Tumaini lake la kuufanya uwingi wa joto uwe mizani kamili ya mshiko wa kemia nalo halikusimama, kama itakavyoonekana. Kilichosalia ni ile jumla, ambayo haikutegemea dhana yoyote. Ilitegemea vipimo vilivyofanywa kwa uangalifu na kujumlishwa kwa uaminifu.

Zaidi ya hayo, Hess alipotamka kanuni yake hapakuwa bado na elimu ya kuieleza sababu. Katika mwaka huo huo wa 1840 Robert Mayer, mganga kijana wa Ujerumani, alikuwa safarini kwenda Java katika merikebu, akaanza kufikiri juu ya joto la mwili na kazi. Mawazo yake yalichapishwa mwaka 1842. James Joule wa Uingereza alitangaza mwaka 1843 vipimo vyake vya kulinganisha joto na kazi. Hermann von Helmholtz alizikusanya hoja hizo mwaka 1847 akazipa umbo la kanuni moja kubwa: nishati haiumbwi wala haipotei, bali hubadili sura. Hess aliwatangulia wote. Kanuni yake ni tawi la kanuni hiyo kubwa, lakini tawi lilionekana kabla ya shina.

Baada ya shina kuonekana, sababu ilieleweka kwa urahisi. Tuseme njia moja yatoa joto mia, na njia nyingine, kati ya mwanzo ule ule na mwisho ule ule, yatoa joto themanini. Mtu mwerevu angekwenda kwa njia ya kwanza akapata mia, akarudi kwa njia ya pili akatoa themanini, na kila mzunguko akabaki na faida ya ishirini, naye hakuteketeza kitu. Angekuwa na jiko lisilohitaji kuni wala makaa, liwakalo milele. Jiko la namna hiyo halijaonekana duniani, na kwa kuwa haliwezekani, njia mbili haziwezi kutofautiana.

Mfano wa mlima wasaidia hapa. Msafiri atokaye Moshi mjini aweza kuupanda mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, na mwenziwe kwa njia ya Machame. Mmoja atapita misitu ambayo mwingine hakuiona. Mmoja atashuka mabonde na kupanda tena mara nyingi kuliko mwenziwe. Hata jasho lao halitakuwa sawa. Lakini wakikutana kileleni, penye mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, tofauti ya kimo kati ya Moshi na mahali waliposimama ni moja kwa wote wawili. Masafa ni mali ya njia, kimo ni mali ya mahali. Entalpi ni kama kimo: ni mali ya hali ambayo kitu kimo, wala si mali ya safari iliyokifikisha hapo.

Jina lenyewe la entalpi lilikuja baadaye sana. Latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kupasha joto, na aliyelibuni ni Heike Kamerlingh Onnes wa Leiden, Uholanzi, yule aliyekuwa wa kwanza kuigeuza heliamu kuwa maji mwaka 1908. Jina lilitokea katika maandishi mwaka 1909. Maana yake ni nishati iliyomo ndani ya kitu, pamoja na ile inayohusika na nafasi ambayo kitu hicho hujipatia kwa kuisukuma hewa inayokizunguka. Faida ya kuziunganisha nishati hizo mbili ni kwamba mimenyuko mingi ya kemia, yaani matendo ya vitu kuungana au kutengana na kuwa vitu vingine, hufanyika katika vyombo vilivyo wazi, chini ya hewa isiyobadilisha uzito wake. Katika hali hiyo joto linaloingia au kutoka ni sawasawa na badiliko la entalpi. Joto lililotoka huandikwa kwa alama ya kutoa, kwa kuwa ni mali iliyopungua ghalani; lililoingia huandikwa kwa alama ya kujumlisha.

Penye mmenyuko wa upesi na usio na mchafuko, badiliko hilo hupimwa moja kwa moja. Tuseme sentimita 50 za ujazo za asidi ya hidrokloriki zachanganywa na kiasi kama hicho cha sodiamu hidroksidi, na kila lita ya kila kimojawapo ina moli moja. Themometa yapanda kwa digrii 6.8. Mchanganyiko una uzito wa gramu 100 hivi, na kila gramu ya maji yahitaji jouli 4.18 ili ipande digrii moja. Basi 100 mara 4.18 mara 6.8 ni jouli 2,842. Joto hilo limetokana na moli 0.05, likigawanywa kwa kiasi hicho, jawabu ni karibu kilojouli 57 kwa moli moja, na kwa kuwa limetoka, badiliko la entalpi ni kutoa 57. Hesabu hii yahitaji chombo, themometa na uangalifu tu.

Lakini ipo mimenyuko ambayo haikubali kupimwa, na hapo ndipo kanuni ya Hess ionyeshapo thamani yake. Chukua kaboni, ambayo ndiyo mwili wa makaa. Ikiungua kwa hewa ya kutosha huwa kaboni dioksidi, na kila moli moja, yaani gramu 12, hutoa kilojouli 393.5. Ikiungua kwa hewa haba, hutokea monoksidi ya kaboni, ile hewa isiyo na rangi wala harufu ambayo huwaua watu waliolala na jiko la makaa katika chumba kilichofungwa. Joto la hatua hiyo ya nusu ni kiasi gani? Mpimaji hawezi kulipima kwa usafi, kwa sababu kila aibanapo hewa ili kaboni isiungue kabisa, hupata mchanganyiko wa hewa zote mbili. Lakini monoksidi ya kaboni yaweza kukusanywa peke yake na kuchomwa, nayo hutoa kilojouli 283.0 kwa moli inapogeuka kaboni dioksidi. Basi njia ndefu na njia fupi zina mwanzo mmoja na mwisho mmoja: ukiondoa 283.0 katika 393.5, masalio ni 110.5. Badiliko la entalpi la hatua ya nusu ni kutoa kilojouli 110.5, na limejulikana pasipo mtu kulipima.

Namba hiyo yasema mambo mengi kuliko ionekanavyo. Kaboni iliyoungua nusu imetoa sehemu 28 tu katika mia ya joto lake. Sehemu 72 zimetoka zikiwa ndani ya hewa ile yenye sumu. Penye jiko lisilopata hewa, mwenye jiko apata hasara ya makaa na hatari ya maisha kwa pamoja, na zote mbili zatokana na upungufu mmoja.

Kwa njia hiyo hiyo hujulikana tofauti kati ya almasi na grafiti, ile kaboni nyeusi iliyomo ndani ya penseli. Hakuna awezaye kukaa kando ya almasi akingojea igeuke grafiti ili apime joto lake. Lakini zote mbili huungua zikawa kaboni dioksidi: grafiti hutoa 393.5, almasi hutoa 395.4. Tofauti ni kilojouli 1.9 kwa moli, nayo ndiyo kimo ambacho almasi imeizidi grafiti. Methani, iliyo sehemu kubwa ya gesi asilia kama ile iliyogunduliwa Songo Songo mwaka 1974, nayo huhesabiwa hivyo. Moli moja ya kaboni ikiungua hutoa 393.5, na moli mbili za hidrojeni hutoa 571.6, jumla ni 965.1. Methani yenyewe ikiungua hutoa 890.3, na mwisho ni ule ule, yaani kaboni dioksidi na maji. Basi kuundwa kwa methani kutokana na kaboni na hidrojeni hutoa tofauti yake, kilojouli 74.8.

Kutokana na hesabu za namna hii yalitengenezwa majedwali ambayo leo humo katika kila kitabu cha kemia. Wapimaji wa milima walikubaliana kuhesabu vimo kutoka usawa wa bahari. Wanakemia nao walikubaliana kuhesabu entalpi kutoka elementi zikiwa katika hali zao za kawaida, wakazipa sifuri. Kila kitu kingine kikapewa kimo chake. Atakaye kujua badiliko la mmenyuko wowote hujumlisha vimo vya vitu vilivyotokea, akaondoa jumla ya vimo vya vitu vilivyoanza. Lakini jedwali lataka msomaji mwangalifu. Hidrojeni ikiungua na maji yakabaki maji, joto ni kilojouli 285.8 kwa moli. Maji yakiwa mvuke, joto ni 241.8. Tofauti ya 44.0 ni joto la kuyageuza maji kuwa mvuke, na anayesahau kutaja hali ya kitu amesahau kutaja kituo cha safari. Kadhalika halijoto yenyewe haina budi kutajwa, kwa maana Gustav Kirchhoff alionyesha mwaka 1858 jinsi joto la mmenyuko linavyobadilika halijoto ya mahali inapobadilika.

Kazi ya kuyajaza majedwali hayo iliwachukua watu wawili sehemu kubwa ya maisha yao. Julius Thomsen wa Copenhagen alipima kwa mikono yake mimenyuko mingi mno, akayachapisha matokeo katika mabuku manne kati ya 1882 na 1886. Marcellin Berthelot wa Ufaransa alitengeneza chombo cha chuma cha kuchomea vitu ndani ya oksijeni iliyoshindiliwa, na ndiye aliyeipa mimenyuko itoayo joto na ile inyonyayo joto majina yanayotumika mpaka leo katika lugha nyingi. Watu hao wawili walishindana kwa maneno makali, lakini walikubaliana katika kosa moja. Wote walishika kwamba mmenyuko huelekea daima upande utoao joto jingi kuliko pande nyingine. Hilo lilikuwa lile tumaini la Hess limevaa nguo mpya.

Kosa lake laonekana katika bilauri ya maji. Nitrati ya amonia, ambayo hutumika kuwa mbolea, ikitiwa katika maji huyeyuka yenyewe bila ya kulazimishwa, na maji huwa baridi. Hainyimwi ruhusa ya kuyeyuka kwa sababu yanyonya joto. Josiah Willard Gibbs wa Marekani, katika maandishi yake ya mwaka 1876 hadi 1878, alionyesha kwamba upande wa kuelekea mmenyuko hauamuliwi na joto peke yake. Pana jambo jingine pia, ambalo ni namna nishati na vitu vinavyotawanyika, nalo huitwa entropi. Dhana ya Thomsen na Berthelot ikaanguka kama ya Hess ilivyoanguka. Lakini vipimo vyao havikuanguka. Mtu aliyekuwa na buku la Thomsen mkononi aliweza kuzitumia namba zake kuthibitisha kwamba dhana ya Thomsen si kweli, na hiyo ndiyo sifa kubwa ya kipimo kilicho safi: chaweza kumshuhudia hata mpinzani wa aliyekipima.

Hess mwenyewe hakuishi kuyaona mengi ya hayo. Afya yake iliharibika kuanzia mwaka 1848, akafariki Saint Petersburg mwezi wa Desemba 1850, akiwa na umri wa miaka 48. Madini ya fedha na teluri yaitwayo hessaiti yana jina lake. Kwa muda mrefu kanuni yake ilitumiwa na watu ambao hawakumtaja, hata mwaka 1890 Wilhelm Ostwald wa Ujerumani alipozichapisha upya makala za Hess za miaka ya 1839 hadi 1842 katika mfululizo wake wa maandishi ya asili ya sayansi.

Asomaye makala hizo leo atazikuta namba nne za asidi ya salfuri zimekaa kama zilivyokaa mwaka 1840: 595.8, 596.7, 597.2, 601.8. Ile ya mwisho imeachana kidogo na wenziwe. Mtu aliyependa namba nadhifu kama Hess angeweza kuitupa, au kuikaribisha kwa wenziwe kwa kalamu. Hakufanya hivyo. Aliiandika jinsi alivyoiona, akaiacha ijumlishwe na kila atakayekuja baadaye, na kwa ajili hiyo wale waliokuja baadaye waliweza kuiacha dhana yake ya mafungu bila ya kuipoteza jumla.